Bi. Hildi Wiebe na Kiti Alichompa Noreen

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuratibu Maduara hapa Winnipeg, Kanada, Bi. Hildegard Wiebe anastaafu tarehe 30 Juni. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu wa kujitolea na mwanamume aliyemaliza kifungo cha ubakaji. Kila wiki watu hao hukaa naye katika duara, humsaidia kupata chumba na kazi, na humdai ukweli, ili asiumizwe mtu mwingine tena.

Zamani alifundisha chekechea, na hilo halijamtoka. Halmashauri yetu nzima imewahi kurudishwa bombani ikanawe mikono kabla ya kula.

Uamuzi wake mgumu kuliko yote ulimhusu Noreen Chartrand, ambaye ameridhia tumtaje. Noreen alibakwa akiwa msichana, na akaomba kujiunga na duara. Wengi katika halmashauri walikataa, wakihofu ataumia upya. Hildi alimuuliza mwenyewe anataka nini.

"Nataka niwepo mtu wa namna ile anapoulizwa."

Hildi akampokea kwa sharti moja: akitaka kuondoka, aondoke tu, bila kumweleza mtu sababu.

Duara alilopangiwa lilikuwa la Garth, aliyekuwa ametoka kifungoni, nalo lilikuwa na ugonjwa wetu sote, upole. Majira yote ya baridi watu walimletea keki, wakaongea hoki na theluji, wakiona haya kumhoji. Noreen hakuwa na haya hiyo.

"Garth, bwana, hoki kila mtu ataitazama kwake. Nimekuona mara mbili kwenye basi la Transcona, upande wa pili wa mji. Wewe si unakaa huku?"

Garth aliweka kando sahani yake ya keki. Kisha akasema, "Kuna dada wa kazini. Namfuata mpaka kituo chake. Hajajua."

Kabla ya kikao kwisha, Hildi alikuwa amewaarifu polisi, na Garth mwenyewe amempigia simu msimamizi wake wa kazini ili ahamishwe kutoka pale. Yule dada alionywa. Noreen alitoka nje akalia, Hildi akasimama naye barafuni bila koti.

"Nikupeleke nyumbani, mwanangu?"

"Thubutu! Keki yangu sijaigusa."

Huu ni mwaka wa saba tangu kikao kile. Dada yule yu salama, na Garth bado anaulizwa kila wiki.

Asante, Bi. Hildi. Kuanzia Julai simu ya dharura ya Maduara, iliyolala kwako miaka yote hii, italala kwa Noreen. Tunakutakia miaka mingi ya usingizi usiokatizwa.