Kuinuka Sakafuni: Risala ya Wakufunzi wa Mazoezi wa Songpo kwa Mkuu wa Wilaya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Do Gil-hwan, Mkuu wa Wilaya yetu ya Songpo; Mwalimu wetu, Bi. Ma Hye-suk; Mwenyekiti wa Ushirika wa Wakulima wa Vitunguu, ambaye ghala lake ndilo hili tulimo; wazee wetu mlioketi mbele, ndugu na jamaa wote:

KARIBU

Sisi, wahitimu kumi na saba wa kozi ya ukufunzi binafsi wa mazoezi, darasa la pili, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumefurahi kwamba umekuja mwenyewe. Mwaka jana darasa la kwanza walitumiwa shada la maua na kadi. Maua yalikuwa mazuri, ila hayakuweza kusikiliza risala.

Mheshimiwa, umekuja kugawa vyeti, na vyeti utavigawa. Lakini haitakuwa uungwana kukuacha umekaa hapo mbele bila kukwambia jambo ambalo ukumbi mzima unalijua isipokuwa wewe. Bi. Gwak Bun-nye, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, yule aliyekaa mstari wa kwanza na fulana ya kijani, ni mteja wetu tangu mwezi wa tatu. Wewe unamwita Mama. Alikwambia kwamba kila Jumanne na Ijumaa anakwenda kwaya ya wazee. Hakuna kwaya, Mheshimiwa. Anakuja hapa. Tulikuficha jambo hili kwa sababu alituamuru tufiche, na leo tunasema kwa sababu ametuamuru tuseme. Risala hii ameisoma yote kabla yako, na kifungu kimoja amekifuta kwa kalamu nyekundu.

Tunajua pia kwamba baada ya sikukuu ya mavuno, yaani wiki mbili kutoka leo, Mama atahamia nyumba ya kutunzia wazee huko makao makuu ya mkoa, na kwamba chumba kimeshashikwa. Risala yetu inahusu vyeti. Inahusu na chumba hicho, na hatutajifanya kwamba haikihusu.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tulikuwa watu wa kiwanda cha meli: wachomeleaji, wapaka rangi, mafundi bomba. Anayekusomea, Pyeon Ok-ran, aliendesha winchi miaka ishirini na miwili. Kiwanda kilipofunga milango tulibaki na mabega mapana na pa kuyapeleka hatuna. Wilaya ilipotangaza kozi hii, tuliona riziki imetujia mlangoni. Kumfundisha mtu kuchuchumaa na kusimama, tulisema, nani atatushinda? Sisi tuliobeba vyuma tangu ujana.

Watu walitucheka, hatuwezi kukana. Pale sokoni muuza samaki mmoja alimuuliza Bwana Tak Sang-pil, mchomeleaji wa miaka hamsini na miwili, "Yaani wewe Tak umeacha kuunga vyuma, sasa unakwenda kuunga vikongwe?" Tak akamjibu kwamba vikongwe angalau havirushi cheche. Alikuwa bado hajakutana na mama yako.

TULICHOJIFUNZA

Bi. Ma alifanya kazi ya tiba ya viungo hospitalini kwa miaka thelathini kabla hajatupokea sisi. Miezi ya mwanzo alitujaza mifupa, misuli na moyo. Tulijifunza kwamba kinachomwinua mtu ni nyonga, goti linabebeshwa lawama tu. Tulijifunza kupima presha kabla ya jambo lolote, na kumzuia mwenye presha asibane pumzi anapoinua kitu. Tulijifunza kwamba msuli wa mtu wa miaka themanini bado unakua, ukipewa kazi, chakula na mapumziko, na habari hiyo tuliipokea kwa furaha kubwa, maana na sisi si vijana. Haya yote tuliyakariri mpaka tukawa tunayataja kwenye basi.

Kilichotutoa jasho ni nusu ya pili ya kozi, ambayo ni mtu mwenyewe. Kumsalimia, kukaa chini kuliko yeye anapozungumza, kunyamaza mpaka amalize. Sisi tumezoea kusemezana juu ya kelele za mashine. Kwetu hata "asante" ni ukelele. Tak alifeli mtihani wa mahojiano mara mbili. Mara ya kwanza alimwamrisha mama wa watu, "Shuka! Panda! Shuka!" mpaka yule mama akaangalia mlango uko wapi. Mtahini aliandika mstari mmoja: "Mtahiniwa anaijua misuli yote, hamjui mwenye misuli." Karatasi hiyo Tak aliibandika jikoni kwake.

Huyo ndiye aliyepangiwa mama yako.

Siku ya kwanza Tak alifungua daftari akamuuliza kama magoti yanauma. Mama akasema hapana. Nyonga? "Haina neno." Mgongo? "Haina neno, mwalimu." Tak akaandika kwa mwandiko wake mzuri: hana maumivu. Kisha akampa kuchuchumaa mara kumi, mizunguko mitatu. Mama akachuchumaa mara zote thelathini huku akitabasamu, akainama kushukuru, akamwachia Tak viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa. Ijumaa hakuja. Jumanne hakuja.

Jumanne hiyo Bi. Ma akamchukua Tak wakaenda nyumbani kwa Mama. Mama aliwapokea akiwa amekaa sakafuni anamenya vitunguu saumu, akasema ni mzima, anapumzika tu. Tak akataka kuuliza tena kuhusu magoti, Bi. Ma akamgusa mkono. Yeye aliuliza swali jingine kabisa.

"Mama, asubuhi ukitaka kuinuka hapo unapolala, unashika nini?"

Mama akaonyesha kabati la nguo kwa kidevu. Kishikio cha droo ya chini kilikuwa kimeng'oka upande mmoja. Alikuwa amefunga hapo taulo la jikoni, na kwa taulo hilo alikuwa akijivuta asubuhi saba mfululizo, kwa sababu miguu yake haikumtii tena tangu siku ya kuchuchumaa.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?" Tak akauliza.

"Ulikuwa umeandika vizuri mno kwenye daftari lako," akasema. "Nilichelea kukuharibia."

Tak alitoka nje akasimama karibu na mitungi ya mchuzi wa soya, na hakurudi ndani upesi. Alipotusimulia darasani, hakuna aliyemcheka. Mheshimiwa, hakuna kati yetu asiyelijua jibu lile. Kule kiwandani mtu aliungua mkono akasema haina neno mpaka zamu ikaisha, na sisi wenzake tukamwamini, maana kumwamini kulikuwa rahisi. Siku hiyo tulielewa kwamba "unaumwa?" ni swali la adabu, na hupata jibu la adabu. Sasa hatuliulizi. Tunauliza: unashika nini ukiinuka? Ngazi unazishuka ukitanguliza mguu gani? Kucha za miguu unajikatia mwenyewe, au kuna mtu? Hapo ndipo mzee anapocheka kidogo, halafu anaanza kusema.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, hapa tunaomba ruhusa ya kujisifu.

Tulioingia kozini ni kumi na wanane, waliofaulu kumi na saba. Wa kumi na nane alijifungua mapacha wiki ya mtihani, na sisi tunahesabu kwamba amefaulu mara mbili. Tak alifaulu safari ya tatu. Mtahini yuleyule aliandika neno moja: "Amesikiliza." Hilo nalo liko jikoni.

Tuna wateja arobaini na mmoja, na tangu mwezi wa nne hakuna hata mmoja aliyeumia mikononi mwetu. Bwana Ham, ambaye kwa miaka minne nyasi za makaburi ya wazazi wake zimekuwa zikikatwa na vibarua, juzi amepanda kilima mwenyewe na kufyeka mwenyewe. Alirudi na majani kwenye nywele akakataa kuyatoa mpaka kila mtu amwone.

Na Bi. Gwak. Tak alianza naye upya. Aliinuka kutoka kwenye kiti chenye mito miwili, kisha mto mmoja, kisha kigoda. Kisha wakapanga magodoro ya kukunja, akawa anaketi juu yake na kuinuka, na kila baada ya wiki mbili Tak anaondoa godoro moja. Tarehe kumi na moja mwezi wa nane hapakubaki godoro. Alikaa sakafuni kavukavu mbele yetu sote. Akajigeuza ubavu, akapiga magoti na mikono, akaleta mguu wa kulia mbele, akasukuma kwa nyonga kama alivyofundishwa, akasimama. Hakushika kabati, hakushika taulo, hakushika mtu. Sekunde kumi na nne. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, wengine tukalia waziwazi, na yeye akatutazama akasema, "Mnapiga makofi ya nini, kwani nimejifungua?"

Sasa anatumia sekunde tisa.

Kifungu alichokifuta kilihusu kile kitanda cha umeme ulichomnunulia, ambacho anakitumia kuanikia pilipili. Tumepiga kura, na tumekirudisha.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni baridi. Mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu hii yalipasuka zamani, na sisi tunawafundisha wazee kuinuka kutoka chini. Mwezi wa kumi na mbili sakafu hii haitakaliwa.

Ya pili ni vitunguu. Tunaushukuru ushirika kwa moyo wote, lakini kuna siku mazoezi ya kupumua kwa kina yanafanyika katikati ya magunia mia mbili, na wateja wanakwenda nyumbani wamevimba macho. Watoto wao wanadhani tunawapiga.

Ya tatu, Mheshimiwa, ni watoto wao hao. Ni sisi pia, maana sote tuna wazazi au tulikuwa nao. Mtoto anampenda mzazi, basi anamzuia asiiname, anambebea, anamnyanyua, anamfanyia, mpaka mwili wa mzazi unasahau kazi. Tunaliona kila wiki, na hatujui namna ya kulisema bila kuonekana hatuna heshima.

Tunajua kilichotokea mwezi wa kwanza. Mama alianguka kati ya jiko na chumba, akalala hapo tangu baada ya kifungua kinywa mpaka alasiri, jirani alipokuja kumletea kabichi. Uliacha mkutano ukakimbilia hospitali na viatu viwili visivyofanana. Hatukulaumu hata kidogo. Mtu aliyepokea simu ya namna ile ana haki ya kuogopa. Ukatafuta nyumba iliyo bora kuliko zote mkoani, ukamuuliza mbele ya daktari, "Mama, ukihamia kule utaonaje?" Naye akakujibu, "Haina neno."

Mheshimiwa, hilo ndilo jibu alilompa Tak. Alilitoa kwa sauti ileile, na tabasamu lilelile, na siku saba baadaye alikuwa bado anajivuta kwa taulo. Ulikuwa umepanga vizuri mno. Alichelea kukuharibia.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba mabomba ya sakafu. Ufundi hatuombi; tuna mafundi bomba watano humu ndani, na mikono inawawasha.

Pili, tunaomba darasa la tatu lifunguliwe, na umri wa kuingia usiwekewe kikomo. Muuza samaki wa sokoni ameshatuma maombi.

Kuhusu vitunguu, Mwenyekiti ameahidi kuhamisha nusu. Tunaomba uwepo wako umsaidie kukumbuka ile nusu nyingine.

Ombi la mwisho haliendi ofisini kwako. Kabla ya sikukuu, nenda nyumbani kwa Mama mapema, bila dereva. Kaa naye chini, menya naye vitunguu saumu. Usimuulize kama ni sawa. Muulize asubuhi angependa kuamkia wapi, kisha unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Ukishalisikia jibu, na bado mkaona wote wawili kwamba chumba kile kinafaa, sisi wenyewe tutakuja kubeba mizigo na hatutasema neno. Lakini uwe umelisikia.

Mgeni rasmi, kwa desturi risala hukabidhiwa na aliyeisoma. Leo itakabidhiwa na Bi. Gwak. Tukiwa tunasoma ukurasa huu ameshatoka kitini, ameketi sakafuni hatua mbili kutoka ulipo, na nakala yako iko ndani ya fulana yake. Atainuka mwenyewe kukuletea. Wewe ni mtoto uliyelelewa vizuri. Mikono yako itataka kutoka kumshika kabla hujafikiri. Tunakuomba sana, usimpe mkono. Sekunde tisa si nyingi, ila kwa mtoto anayemtazama mama yake ni nyingi sana, na tunalijua hilo. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yetu. Sisi tulihitaji miezi kumi kuiweza, na leo tunakuomba uifanye bila mafunzo.

Mbingu zikulinde, na wahenga wako wapokee sadaka ya mavuno kwa furaha. Upewe presha ya kijana, magoti yasiyolia, na miaka mingi kiasi cha siku moja kuwa mteja wetu; utatukuta.

Mama, ukiwa tayari.

Ni sisi,
Wakufunzi Binafsi wa Mazoezi, Darasa la Pili,
Ghala la Vitunguu, Songpo.