Nilivyoeleza Kuanguka Kwangu

Bwana asifiwe, watu wa Mungu wa hapa Tuwan! Mimi ni Nafula. Wengi hamjawahi kunisikia nikisema, kwa hivyo nimeandika haya polepole ili nisiishie njiani.

Ndugu zangu, mpaka darasa la sita nilikuwa kati ya wanafunzi wa mbele. Darasa la saba nikaanza kuanguka. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye paredi ya asubuhi. Nilisikia harufu kama ya mpira unaoungua, halafu sikujua kitu tena. Nilipoamka nilikuwa na vumbi mdomoni, sketi imelowa, shule nzima imenizunguka. Hakuna aliyenishika. Waliamini mate yangu yakiwagusa, nao wataanguka.

Tangu siku hiyo, nikipita, wavulana walipiga kelele: "Token imeisha! Nani ataweka stima?" Yaani mimi ni nyumba iliyozimika umeme. Nikawa nakaa dawati peke yangu. Kila nikianguka, nilisahau hata yale niliyosoma jana. Alama zikashuka, zikazidi kushuka, na mtihani wa darasa la nane ukanikuta hivyo. Mama, kwa aibu, aliwaambia hapa kanisani kwamba naumwa kichwa. Mkaniombea kichwa, ndugu zangu!

Siku moja niliangukia jiko. Mkono wangu mmeuona. Senge, yaani dada wa baba, alikuja kutoka Lugulu, akautazama, akamgeukia mama. "Mama Nafula, unangoja huyu aive?" Akanichukua, tukaenda hospitali ya misheni. Daktari alisema ni kifafa, akanipa dawa za kumeza kila siku. Nililia sana kusikia jina hilo. Lakini nilipozimeza, kuanguka kulipungua.

Mwaka huu niliomba nafasi ya kusomea ushonaji katika chuo kimoja Bungoma. Waliuliza kwa nini alama zangu zilishuka. Mama akasema, "Usitaje kifafa, mami. Watakukataa." Lakini kudanganya sikutaka. Nikaandika neno moja tu: Nilianguka.

Wakaniita. Madam anayepokea wanafunzi alisoma, akacheka. "Si naona ulianguka, msichana! Alama ziko hapa. Nauliza, kwa nini ulianguka?"

"Nilianguka, madam."

"Ati nini? Unanichezea?"

Nilisikia cherehani za wanafunzi zikilia chumba cha pili, nikajua nikinyamaza narudi nyumbani kukaa, basi. Nikaomba moyoni, Yesu, fungua huu mdomo. Nikashangaa kusikia sauti yangu: "Nilianguka chini, madam. Niko na kifafa."

Kicheko kikaisha. Akaniuliza kama nakunywa dawa. Nikasema kila jioni.

"Na ukiwa kwa mashine, usikie inakuja, utafanya nini?"

"Nitatoa mguu kwa pedali, nilale chini kando."

Halafu akasema, bila kuniangalia, "Ndugu yangu alikuwa nacho. Kwetu hatukusema. Alienda mtoni kuoga peke yake." Hakumaliza. Akaniambia siku ya kuripoti.

Ndugu zangu, sijapona. Hapo chuoni kuna msichana aliyehamisha kiti chake aliposikia habari zangu, na hajakirudisha. Kuna siku natoka kitandani nikiwa na hofu. Wengine mtauliza, huu ni ukombozi gani wa kumeza vidonge? Mimi nawaambia, miaka ile yote nilikuwa nimefungwa, na aliyenifungua ni Bwana. Ugonjwa ungali nami, lakini kufichwa kumeisha! Asante Yesu! Asante senge. Na mama, usilie, ulikuwa unaniogopea.

Labda kuna mzazi hapa leo ambaye amemwacha mtoto nyumbani kwa sababu kama yangu. Mtegemee Mungu, mzazi wangu. Jumapili ijayo mlete, tumwombee tukiutaja ugonjwa wake kwa jina lake lenyewe. Kesho yake, mpeleke kliniki. Bwana utamkuta hapa, na kule pia utamkuta.