Wasifu wa Mwalimu Kisyeri Mniko (1932–1981), Ambaye Hakuachwa Peke Yake

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu na majirani, poleni kwa msiba. Maneno haya yameandikwa na mjane, Ghati, ambaye wengi mnamwita Mama Nyangi. Anayewasomea ni Ryoba, mdogo wake marehemu, na ameombwa asiruke neno hata likimchoma yeye mwenyewe.

Marehemu alizaliwa mwaka 1932 huko Genkuru, Tarime, mtoto wa tatu wa Mzee Mniko na Bibi Robi. Tarehe haikuandikwa. Mama yake alisema tu kwamba ulezi ulikuwa umeiva, na kwamba mtoto aligoma kunyonya mpaka wanawake wote waliojaa chumbani walipotoka nje. Habari hiyo imechekesha watu miaka mingi. Mjane hajaiona ya kuchekesha.

Alianza shule ya misheni mwaka 1942, akiwa amechelewa, kwa kuwa baba yake alitaka kwanza achunge. Mwaka 1954 alipata cheti cha ualimu, akapangiwa Robanda, na huko alifundisha mpaka mwaka 1969 alipohamishiwa huku kwetu. Asubuhi alifundisha watoto, jioni watu wazima. Wengi mnaosoma ratiba ya mazishi kwa macho yenu wenyewe mlifunguliwa macho na yeye. Mjane naye ni mwanafunzi wake. Siku alipoandika jina lake ubaoni kwa mara ya kwanza, Mwalimu alisema, "Ghati, kuanzia leo utajisemea mwenyewe." Kisha akafuta ubao, wakaongozana nyumbani.

Walikuwa wamefunga ndoa tarehe 12 Januari 1957. Kati ya ng'ombe wa mahari alikuwamo mtamba mwekundu aliyevunjika pembe moja. Kaka yake Ghati, Tomaso, alimtoa mtamba huyo kuwa mahari, akaoa. Waliompokea nao wakamtoa mahari kwa mke mwingine, na hivyo hivyo akawa anatembea, boma hadi boma. Kila harusi Mwalimu aliuliza, "Mwekundu wangu yuko kwa nani sasa?" Mwaka 1972 alianza kukiandika kitabu cha safari ya ng'ombe huyo, na yote anayoyaona katika nyumba za watu, mpaka siku atakaporudi zizini alikotoka. Mtu huyu hakutaka cheo wala nyumba ya bati. Alitaka kumaliza kitabu.

Mwaka 1974 tulihamishwa kutoka mlimani tukaletwa hapa kijijini, nyumba zikapangwa mistari, mlango kwa mlango. Kule mlimani Mwalimu alikuwa na mwamba wake nyuma ya nyumba, akiandika na hakuna amwonaye. Hapa alikaa kizingitini. Na desturi yetu mnaijua: mtu mzima haachwi akikaa kimya peke yake. Aliyekaa hivyo ana msiba, au ana maradhi, au anawaza kujitia kamba. Basi mlikuja. Alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Waitara, na kigoda chake.

"Mwalimu, tumekuona umenyamaza. Tukasema tusikuache."

"Ninaandika, tata, mzee wangu."

"Andika tu. Sisi tutakaa."

Mkakaa. Mkaulizana hali ya mvua, mkanywa uji wa Ghati, mkaondoka mmeridhika kwamba mmemsaidia mwenzenu. Kesho yake wakaja wengine. Alipojaribu kurudi kwenye mwamba wake wa zamani, akaonekana akipanda mlima bila panga wala mfugo, na kabla jua halijawa kali kijiji kizima kilikuwa nyuma yake kikitafuta kamba. Walimshusha kwa upole mkubwa. Balozi akapanga zamu za kukaa naye. Upole ule ndio uliomwua nusu ya kwanza.

Kalamu ikagoma. Hata siku moja moja alizoachwa, alikuwa anasubiri hodi, na anayesubiri hodi haandiki. Aliandika mstari, akaukata. Kitabuni, ng'ombe mwekundu alisimama katika boma moja miaka mitatu, hajui pa kwenda, na Mwalimu akawa mkali kwa watoto kwa mambo madogo. Siku moja alimwambia mkewe, "Labda sikuwa na kitabu, Mama Nyangi. Labda nilikuwa na mwamba tu."

Ghati ndiye aliyepata dawa. "Baba Nyangi, umewahi kuona mtu anaenda kumliwaza mchungaji?" Hakuwahi. Mtu mwenye ng'ombe hayuko peke yake. Basi mwaka 1977 Mwalimu alimwomba Ryoba, huyu anayewasomea, amwachie ng'ombe wake awachunge kila alasiri baada ya vipindi. Watu walicheka, mwalimu mwenye cheti na fimbo ya kuchungia. Lakini walimpita njiani, wakamsalimu, wakaendelea na safari zao. Mwanzoni hakuandika. Aliwasimulia ng'ombe kwa sauti, na ng'ombe hawakatizi maneno ya mtu. Baadaye karatasi zikatoka mfukoni. Mwaka ule na uliofuata alirudi nyumbani akipiga mluzi, na Ghati alikuwa na mume tena.

Ilibaki sura moja. Alasiri moja ya mwezi Mei 1979 aliinamia karatasi, alipoinua kichwa ng'ombe walikuwa ndani ya shamba la ujamaa, mahindi yamelala. Kosa lilikuwa lake, hakulikataa. Kamati ya kijiji ilimnyang'anya fimbo, ikamtaka alime shamba la kijiji kila alasiri. Mjumbe mmoja alisema kuandika hadithi wakati wenzako wanalima ni unyonyaji. Ryoba alikuwa kikaoni, na hakusema kitu. Mjane hana kinyongo naye. Anacho kidogo.

Mwalimu alianza kukohoa mwishoni mwa mwaka 1980. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena mwezi Aprili mwaka huu. Na mgonjwa, kwetu, haachwi kabisa. Chumba kilijaa. Aliomba karatasi, mkamwambia, "Pumzika, Mwalimu, utaandika ukipona." Alimwomba Ghati ainamishe sikio amwambie mwisho wa kitabu. Akasema, "Mwekundu alirudi mwenyewe, hakuletwa na mtu." Papo hapo hodi ikapigwa, wageni wakaingia, ikabidi mgonjwa aamkiwe na kila mmoja, naye aitikie kila mmoja. Walipomaliza alikuwa amelala. Hakuamka kuongea tena. Alifariki Jumanne tarehe 9 Juni 1981, chumba kimejaa watu wanaompenda.

Marehemu ameacha mke, Ghati, watoto watatu, Nyangi, Mniko na Robi, mdogo wake Ryoba, wajukuu, na kitabu kisicho na sura ya mwisho.

Mjane anawashukuru kwa uji, kuni na machozi, na anajua mlikuja kwa mapenzi. Ana ombi moja. Wasifu huu ameuandika akiwa amejificha ghalani, kwa sababu tangu Jumanne hajaachwa peke yake hata akienda kisimani. Mwanamke hapewi ng'ombe kuchunga, kwa hiyo hana wa kujifichia kama mumewe. Anaomba waziwazi. Matanga yakiisha, mkimwona Ghati amekaa kizingitini, kimya, na kalamu mkononi, msilete vigoda. Hana msiba wakati huo. Anamrudisha ng'ombe nyumbani.

Tukishafukia, tusikeshe kaburini. Kisyeri apumzike kwa amani, na safari hii tumwache apumzike.