Ramani Iliyoonyesha Pakavu

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa ofisi hii ya utabiri wa mafuriko, na wewe mama mkwe wangu uliyekubali kukaa mbele ingawa umeshaniambia viti vyetu ni vigumu: nawasalimu nyote.

Nimepewa heshima ya kumuaga fundi wetu wa programu, huyu tunayemwita Twiga, ambaye hata akikaa anamziba aliye nyuma yake. Najua mmekuja kusikia sifa, nazo zipo. Lakini mwenzenu mwili unanisisimka mpaka leo nikikumbuka mchana ule.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Ramani yetu haitengenezwi na kompyuta moja. Zipo nyingi, zinafanya kazi kwa pamoja, kila moja imepewa kipande chake cha bonde la mto, na zinatumiana ujumbe: ya juu inaiambia ya chini, "Maji kiasi hiki yanakuja kwako." Zamani, ujumbe mmoja ukikwama, programu nzima ilijizima, tukabaki tunatazama ukuta mtupu huku mvua inamwagika. Tulilalamika weee! Twiga akaibadilisha: ujumbe ukikwama, programu ipewe taarifa ya kosa, kisha kazi iendelee. Tukampigia makofi. Nani asingepiga?

Mchana ule zamu ilikuwa yangu. Nje mvua, ndani chai, na ukutani ramani imetulia, mji wa mama mkwe wangu una rangi ya kijani, maana yake pakavu. Simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu.

"Shemeji, mama yuko juu ya meza. Maji yameingia ndani!"

"Maji gani? Hapa ramani inaonyesha pakavu kabisa."

"Basi iambie hiyo ramani yako ije imbebe mama!"

Ndugu zangu, mmewahi kukitazama kitu mnachokiamini, kizuri, kisicho na doa, mkagundua kinawadanganya mchana kweupe? Nilipiga simu kwa wazima moto, kisha nikamwita Twiga. Akainama kwenye kompyuta, akasoma, na uso ukamsawijika. Waya mmoja ulikuwa umelegea. Ujumbe wa maji ya juu haukufika. Kompyuta ya chini ikakuta patupu, ikahesabu sifuri, ikaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Taarifa ya kosa ilitolewa, tena kwa wakati. Ila mahali pale kwenye programu hapakuwa na agizo la kuisoma.

Mama alitolewa kwa mashua. Hawajafika mbali, ukuta wa nyuma wa nyumba ukaporomoka nyuma yao.

Tulipokutana kikaoni, tayari tulikuwa na maneno matamu ya kuwaambia watu: hitilafu ya waya, samahani kwa usumbufu. Twiga akasimama.

"Waya utalegea tena," akasema. "Programu iliambiwa, haikusikiliza, na aliyeiandika ni mimi."

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakumbuka ulivyokiweka kikombe chini. Ni wangapi kati yetu wangesimama?

Kisha akaja nyumbani kwangu, alikokuwa amehamia mama, akakaa mbele yake, akamweleza yote. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, mwanangu, mashine ilijua kwamba haijui?"

"Ilijua, mama."

"Ikasema?"

"Ilisema."

"Ikamwambia nani?"

Twiga akainuka, akarudi ofisini.

Jibu alilitoa kwa kazi. Siku hizi kila ujumbe unaotumwa unafuatwa na swali: umefika? Usipofika, kompyuta iliyoona kosa inaziarifu zote. Zilizo nzima zinajipanga upya, zinagawana kipande cha iliyokwama, na zinaanza tena pale mahesabu yalipohifadhiwa mara ya mwisho. Na ikishindikana kabisa, ramani haidanganyi. Inaweka rangi nyeusi na neno moja: haijulikani.

Msimu huu weusi huo umetokea mara moja, juu ya kijiji kimoja cha bondeni. Tulipiga simu kule, tukawaambia wazi kwamba hatujui, wapande mlimani. Wakapanda na watoto na magodoro. Mto haukufurika. Wakashuka wametununia, na mwenyekiti wao akanipigia kunifokea hadi nikamwonea aibu hata Twiga aliyekuwa karibu. Jioni nikamsimulia mama mkwe.

"Wamenuna wote?" akauliza.

"Wote, mama."

"Hakuna aliyepungua?"

"Hakuna."

"Basi waache wanune."

Twiga, kaka yangu, huko uendako wakufae kama ulivyotufaa. Na ninyi nyote, kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, ahsanteni sana.