Fundi Baridi na Chupa Mbili za Vidonge

Marehemu, ambaye wengi hapa mlimfahamu kwa jina la Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 9 Februari 1954, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mdogo, lakini mengi ameyasimulia mjane, ambaye alisisitiza jambo moja: "Wifi, usinipambie. Soma kama ilivyokuwa, hata wakicheka."

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Kichwa kilikuwa chepesi ila mikono haikutulia. Akiwa darasa la tano aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu aone kinachoisukuma, na wiki nzima shule ikaenda mapumziko kwa kukisia. Mwaka 1972 alihitimu chuo cha ufundi, fani ya majokofu.

Alitunza vyumba vya baridi vya kiwanda cha maziwa hadi mwaka 1996, alipofungua karakana yake nyuma ya soko. Hakuwa na maneno mengi. Kwa kila ugonjwa, wa chuma au wa binadamu, alitaja pampu ya jokofu: "Kompresa imechoka."

Alifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1979 na binti wa mwenye bucha. Alikuwa ameshatengeneza friza yao, akaitwa tena, akaifungua yote kabla hajaona kwamba haina umeme.

"Nani kachomoa?" akauliza.

"Sijui," akajibu binti, plagi ikiwa mkononi mwake.

Mwaka 2019 miguu ilianza kumvimba, na kupanda ngazi kukawa kunamkata pumzi. Hospitalini wakakuta presha ya siku nyingi imeuchosha moyo, hausukumi damu inavyopaswa. Mkewe, aliyekuja kumsindikiza tu, naye akapimwa, akakutwa na yaleyale. Mwaka 2022 wote wawili walikubali kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Waliendelea na dawa zao za kawaida, na juu yake kila mmoja akapewa chupa ya vidonge vyeupe. Chupa nyingine zilikuwa na dawa, nyingine vidonge vya kufanana navyo visivyo na kitu ndani, na hata daktari hakujua nani kapata nini. Muuguzi aliwaeleza, wakaitikia.

Miguu ya marehemu ikanywea, ya mkewe ikabaki vilevile. Fundi akakata shauri kwamba yeye kapata dawa na mke kapata hewa. Asubuhi moja mke aliingia kutoka kuanua nguo, akamkuta mezani na chupa zote mbili wazi, anahamisha vidonge, vyake kwenye chupa ya mke, vya mke kwenye yake.

"Baba, unafanya nini?"

"Nasawazisha."

"Tangu lini?"

"Si kila siku," akasema, kana kwamba hilo lilipunguza kosa.

Alimgombeza, mume akaapa kuacha, na hakuacha. Basi mke naye, kila mumewe alipoingia kuoga, akawa anavirudisha. Siku nyingine alivirudisha ambavyo havikuwa vimehamishwa. Kliniki muuguzi alihesabu vilivyobaki, hesabu ikalingana, akawasifu kwa utiifu wao. Mwishowe hakuna aliyejua anameza vya nani.

Fundi alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, moyo uliposimama ghafla. Mjane hakulia kwanza. Alimfuata daktari wa utafiti kwenye korido akamweleza yote. "Nataka kujua kama nimemmalizia dawa yake," alisema. Daktari akaomba ruhusa siri ya chupa hizo mbili ifunguliwe. Jibu lilikuja juzi. Zote mbili zilikuwa na dawa ya kweli.

Kwa hiyo hakupungukiwa na kitu, na mkewe hakuchukua cha mtu. Sote nyumbani tulidhani sasa wifi atapumua, lakini alikaa tu ukingoni mwa kitanda, hajui afurahi au alie, na hata sisi hatujui tumpe pole gani.

Marehemu ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na jokofu la jirani likiwa limefunguliwa karakanani, mwenyewe aje alichukue. Ameacha pia mke, ambaye tangu juzi anauliza swali moja: "Kama vidonge vilikuwa sawa, mume wangu alikuwa ananipa nini asubuhi zile?" Mwenye jibu amwendee taratibu baada ya mazishi. Amani imkute fundi wetu alipolala.