Miwani Isiyochongwa Tarehe

Baba Paroko Don Fermo, mabibi na mabwana wa Valdesora, majirani wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, na ninyi mabwana wa kiwandani mliosimama nyuma karibu na mlango kama watu wanaongoja mvua ipungue waondoke, familia ya Olivotto imenituma mimi, Marilisa, mjukuu wa marehemu, nisome historia ya maisha yake. Sikuchaguliwa kwa ukubwa wala kwa upole. Nina shahada ya kemia ya chuo kikuu cha Padova na sina kazi, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuandika.

Marehemu Severino Olivotto alizaliwa tarehe 3 Februari 1941 hapa hapa Valdesora, katika nyumba iliyo nyuma ya hori la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Oreste, mkata magogo, na Mama Pierina, na ndugu zake wote wanne wamemtangulia, wawili mgodini Ubelgiji na wawili kwa mapafu, kwa hiyo leo hakuna hata mmoja aliyebaki wa kunisahihisha nikikosea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1947 katika jengo lile lenye kufuli mnalolipita kila mkija kanisani, akamaliza 1952, kisha akasoma ufundi kule chini bondeni hadi Juni 1955, akifaulu hesabu na uchoraji na kufeli kuimba, na walioketi karibu naye katika kanisa hili watakubali kwamba walimu walimwonea huruma kumpa hata hizo alama alizopata.

Tarehe 12 Septemba 1955 aliajiriwa katika kiwanda cha miwani chini ya daraja, akaanzia kwenye mapipa ya kung'arishia, ambamo fremu huzungushwa siku nyingi pamoja na vipande vya mti mpaka zing'ae, akapandishwa kwenye meza ya tupa na msasa, na mwaka 1966 akawa mkuu wa meza ya fremu za watoto. Ilikuwa meza ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu mzima huvaa miwani, lakini mtoto hupigana nayo mieleka, huilalia, huitafuna, na humpa mbwa aishike. Na ninyi nyote mnajua msemo uliokuwa ukutani pale, ambao baba zenu waliuleta nyumbani pamoja na vumbi la msasa, kwamba miwani inayorudi ni aibu ya aliyeitengeneza.

Tarehe 26 Septemba 1964, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa katika kanisa hili na Nives Larese, aliyekuwa akifunga mikebe ya miwani ghorofa ya pili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Loredana, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1968, ambaye ni mama yangu, na Ivano, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1971, ambaye yuko Ujerumani na amekuja kwa gari usiku kucha, asante, mjomba.

Hapa nilishauriwa niruke. Siruki.

Mwezi Oktoba 1972, Loredana akiwa na miaka minne, daktari wa macho kule mjini Belluno aligundua kwamba jicho lake la kushoto ni dhaifu na linamwachia la kulia kazi yote, akaandika miwani, akaagiza jicho la kulia lizibwe saa chache kila siku, na akasema mtoto arudi baada ya miezi sita bila kukosa. Babu hakukubali binti yake avae kitu cha dukani. Kwa Jumapili tatu alichonga fremu mwenyewe kutoka bamba moja nene la plastiki ya rangi ya asali, bila skrubu hata moja, maana skrubu ndiyo hutoka kwanza, bawaba zake akazifunga kwa pini za kugongelea, mikono akaipinda izunguke sikio kama mkia wa paka, na alipomaliza akairusha kutoka roshani ya juu mpaka kwenye mawe ya uani, mara tatu, na Bibi Nives akaikanyaga na kiatu chake cha mbao.

Fremu ile iliporomoka na sleji mteremkoni pa theluji, ilimng'oa jino kondoo wa jirani yetu Ottilia aliyeitafuna, ilifuliwa ndani ya mfuko wa aproni, na kila mara ilitoka nzima, hata ikawa kivutio cha baa, ambako marehemu aliitoa usoni pa mtoto na kuipitisha mezani watu wajaribu kuikunja, wakimwambia, "Ciò, Severino, huyu mtoto ataolewa nayo," na mwingine akidakia, "Ataolewa nini, huyo atazikwa nayo!" Wengine kati yenu mliokuwa mnacheka pale mko hapa leo mmevaa tai.

Ilipofika Aprili 1973 Bibi Nives alisema, "Seve, miezi sita imetimia, tumrudishe mtoto," naye akajibu, "Tumrudishe kwa lipi? Imevunjika?" Bibi akasema daktari ndiye aliyesema, naye akasema, "Daktari amezoea miwani ya watu wa mjini, ile ya kuvunjika kila Pasaka." Sidhani kuna mtu mahali pengine duniani angeweza kukosea hivi. Ni sisi tu wa bonde hili, tunaopima miwani kwa kuitupa chini, tungeweza kuamini kwamba maadamu fremu ni nzima, na jicho lililo nyuma yake ni zima pia, na kwamba kumpeleka mtoto kwa daktari ni kukiri mbele ya watu kwamba kazi yako imerudi.

Ikapita Aprili, na Oktoba, na Aprili nyingine, na kichwa cha mtoto hakikungoja. Mikono ya miwani ikawa mifupi, ikamminya masikio, lenzi zikateremka puani, na Loredana akawa anatazama dunia kwa juu ya fremu, kwa jicho la kulia peke yake, na baba yake, mkuu wa meza ya watoto, alimwona kila siku mezani akifanya hivyo juu ya sahani ya polenta, akamwambia, "Acha kuchungulia kama mama mkwe kwenye pazia," na nyumba nzima ikacheka.

Mwezi Machi 1976 daktari aliyezunguka mashuleni alimwita Bibi Nives koridoni akamwambia, "Mama, sijawahi kuona fremu imara kama hii, lakini mwanao hajatazama kupitia kwenye lenzi zake kwa muda mrefu mno." Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kulala. Walimzibia la kulia kwa miaka miwili, mtoto akigonga milango na kulia, na la kushoto halikuamka. Mama yangu alitaka kuendesha basi la bondeni, alilitaka tangu akiwa mdogo, na mwaka 1989 walimnyima leseni kwa sababu basi linataka macho mawili, akaenda kufunga mikebe ya miwani ghorofa ya pili, kwenye kiti alichokalia mama yake, hadi kiwanda kilipohamishwa mwaka 2009 kwenda kwa watu wanaolipwa kidogo kuliko sisi.

Tarehe 30 Juni 1977 marehemu aliacha kazi, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo akafungua duka la miwani ya watoto chini ya nyumba yake. Wengi hapa mlipitia mikononi mwake, na mtakumbuka kwamba hakuuza fremu kabla ya kumchekesha mtoto, kwa uso wake mbaya, kwa kuimba, kwa lolote, kwa sababu mtoto anapocheka mashavu hupanda, na miwani inayopandishwa na mashavu si ya uso ule. Alitazama kama mboni iko katikati ya lenzi, kama fremu imekaa puani bila kuteleza, maana pua ya mtoto haijajengeka bado, akachagua lenzi nyepesi zisizopasuka, na kama mtoto ni wa mbio aliongeza mkanda wa kisogoni. Akina mama aliwafundisha kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, si kwa shati wala kwa mate, kumvua mtoto kwa mikono miwili ili fremu isipinde upande, na kutoilaza miwani kifudifudi, na aliyesahau aliambiwa, "Signora, hicho ni chombo cha macho, si kijiko."

Na ndani ya mkono wa kila fremu alichonga tarehe, miezi sita mbele, ambayo aliiita tarehe ya kufa. Siku hiyo mtoto alirudi, hata kama miwani ilikuwa kama mpya, akapimwa kichwa, akapelekwa kwa daktari, na ile iliyokwisha kuwa ndogo marehemu aliivunja kwa koleo pale pale mbele ya mama wa mtoto, kra, ili mdogo wake asipewe kuirithi. Mlimwita kichaa. Mlimwita mwizi. "Anavunja miwani nzima ili auze nyingine," mlisema, na hakuna hata mmoja wenu aliyetaja kwamba ya pili aliitoa bure.

Bibi Nives alifariki tarehe 6 Machi 2011. Shule ilifungwa Juni 2019 ikiwa na watoto watano. Mtoto wa mwisho kuchekeshwa dukani alikuwa Tea wa mtaa wa juu, mwenye miaka minne, jicho la kushoto vilevile, Septemba 2021, na tarehe iliyochongwa kwenye miwani yake ilikuwa Machi 2022, lakini Februari wazazi wake walihama kufuata kazi bila kusema ni wapi, na babu alikaa dukani siku hiyo yote ya Machi akiwa amevaa koti safi. Hakuna aliyekuja. Hakuna atakayekuja. Msiniulize nani atarithi duka, duka la watoto katika kijiji kisicho na watoto halihitaji mrithi, hata mwenye shahada.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Novemba mwaka huu. Alhamisi tarehe 9, mchana, nikiwa pale nammenyea peasi, aliagiza mama yangu alete kilichokuwa kwenye droo ya chini, kimefungwa kitambaa, na mama akaleta. Ilikuwa miwani ile ya rangi ya asali. Marehemu akasema, "Lore, ivunje." Mama akasema, "Ivunje mwenyewe, Baba, si umevunja ya watoto wa watu miaka arobaini?" Akaishika kwa vidole vyake vilivyovimba, akaikunja, ikakunjika, akaiachia, ikarudi. Akajaribu tena. Ikarudi. Mara ya tatu hata haikukunjika, nguvu zilikuwa zimekwisha, akabaki anaitazama, akasema, "Ostia, nilifanya kazi nzuri," na mama yangu akajibu, "Ndiyo, Baba. Nzuri sana." Kisha akaichukua, akaenda kwenye sinki, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaifuta kwa kitambaa chake laini, akaitia mkebeni, akauweka mkebe kwenye mkoba. Katika miaka arobaini na saba, hayo ndiyo mazungumzo pekee waliyowahi kufanya juu ya jambo lile.

Marehemu Severino Olivotto alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili, ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, na droo kumi na moja za fremu ndogo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao hawakutudanganya, Bibi Ottilia kwa supu ya kila jioni na kwa kusamehe habari ya kondoo, mafundi wenzake wa meza ya watoto, watatu waliobaki, ambao leo wamembeba ingawa wenyewe wanahitaji kubebwa, na mabwana wa kiwandani kwa shada lao, ambalo ni la plastiki lakini imara.

Jana Don Fermo aliniomba niweke hapa mwishoni neno la msamaha kati ya baba na binti, kwa kuwa watu watalisubiri. Nilimuuliza mama. Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Weka tarehe, inatosha." Nimeweka tarehe. Za babu ziko mbili, zimechongwa kwenye kibati cha jeneza, mtaziona mkipita kuaga. Miwani ya rangi ya asali iko benchi la pili, ndani ya mkoba mweusi, nzima, safi, haina mkwaruzo, na ndiyo pekee aliyowahi kuitoa nyumbani mwake bila kuichonga siku ya kurudi.

Pumzika, Babu, kwa amani, na amani ikikosekana, pumzika hivyo hivyo.