Uvunjeni Ubao Nikiwa Hai

Sikilizeni wanangu, na wewe mama yao sogea unishike mgongo, maana leo pumzi ni chache na furaha ni nyingi, na mtu hawezi kufurahi vizuri akiwa amelala chali. Daktari kasema nisisisimke. Daktari hajauona ubao huu niliopakata.

Nimeomba kitanda kiletwe hapa karakanani, kati ya meza ya kazi na rundo la maranda, kwa sababu jambo lenyewe ni la hapa. Tangu ile meza mliyomuundia mwalimu ifunguke kwenye kiungo katikati ya chakula na supu imwagikie mama mkwe wake, nyinyi wawili hamsemezani. Wewe kifungua mimba wangu unasema dada yako alibania gundi. Wewe binti unasema kaka yako alikaza klampu, vile vibanio vya mbao, kama anayekamua nguo, gundi yote ikatoka. Mkachora mstari wa chaki sakafuni, huku kwake, kule kwako, mteja akiingia hajui amsalimie nani. Nilicheka, kisha nikalia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nguvu za kujenga sina tena.

Mlisema kweli nyote wawili, ndiyo maana hamkupatana. Gundi ni utando tu, mbavu zote mbili za mbao zing'ae. Ukikaza, ichungulie kama shanga ndogondogo mstari mzima. Isipochungulia, imepungua. Ikitiririka, unalisha sakafu. Na klampu, mwanangu, kazi yake ni kukutanisha, si kulazimisha. Mbao ngumu zinataka mkazo zaidi, laini kidogo. Ubao mwembamba unataka klampu zikaribiane, mpana unavumilia zikiachana. Lakini pengo lililoachwa na randa halizibwi kwa klampu, kwa sababu ukilibana leo kwa nguvu, litafunguka siku wageni wameketi mezani.

Juzi nikawaambia: ungeni vipande viwili, binti apige randa na kupaka, kaka akaze, na tukivipiga nyundo vikaachana kwenye kiungo nitagawa karakana, mashine kwa huyu, zana za mkono kwa yule, jengo liuzwe. Nilisema hivyo nikiomba visiachane, kwani kidole kimoja hakivunji chawa, na nusu ya karakana ni banda tu. Mama yenu alikuwa mlangoni akiwatazama. Anasema mlifanya kazi kimya kabisa, mpaka wewe mkubwa ukauliza, "Shanga zimetoka, niache hapo?" na dada yako akajibu, "Ongeza kidogo kule mwisho, kaka." Kaka! Mama yenu alikuja mbio kunieleza, kiatu mguu mmoja, kama aliyepata mjukuu. Sijalala tangu hapo, na si kwa maumivu.

Gundi imekwisha kauka. Ubaneni ubao kwenye jiliwa. Wewe mkubwa shika nyundo, binti simama naye, msinitazame mimi. Piga. Usiuonee huruma, piga tena.

Umelia huo. Msiseme umevunjika wapi, nipeni mkononi, macho yana ukungu ila kidole changu hakijazeeka. Kiungo kiko hapa... laini... kizima, mwanzo hadi mwisho. Na ufa uko huku pembeni, ubao wenyewe umechanika, kiungo kimegoma. Mama yao, papasa na wewe. Papasa hapa. Nina furaha mpaka naogopa itanimaliza kabla sijamaliza kusema.

Basi shikeni neno langu. Karakana haigawanywi, wala mashine, wala zana, wala jengo. Binti ndiye mwenye kauli kwenye randa, kaka ndiye mwenye kauli kwenye klampu, na pasiwe na ubao utakaoungwa mmoja wenu akiwa amenuna. Watu wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wako wengi nje hapo wenye majembe wakingojea ugomvi wenu, waacheni wasubiri. Mama yenu apewe chumba cha mbele chenye jua. Mwalimu mtengenezeeni meza nyingine, na mama mkwe wake akaribishwe wa kwanza. Mkinizika asubuhi, mchana fungueni karakana, nisikie... nisikie msumeno huko niliko.

Nilaze sasa, mama yao. Taratibu. Mungu awape mikono mitulivu na... na wateja wenye subira. Sogeeni. Shikaneni, wanangu. Shikaneni... ila msikamuane.